Kukunja Shuka Peke Yako

Mwalimu hakuondoka kwao kwa dhiki. Hilo tuelewane mapema, maana watu wakisikia fulani yuko ng'ambo, ama watamhurumia ama watamwonea kijicho, na yeye hakustahili lolote kati ya hayo mawili. Alikuwa na kazi ya kudumu, chumba na sebule, mama mwenye afya yake na kaka asiye na makuu. Kilichomwondoa ni swali. Alikuwa darasani anafundisha jiografia, rula ndefu mkononi, anairukisha kwenye ramani ya ukutani kutoka jangwani hadi kwenye barafu, na binti mmoja wa dawati la mbele, mdomo umemtangulia umri, akanyoosha kidole. "Mwalimu, huko kote unakotuonyesha, wewe umefika wapi?" Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, angefanyaje? Lakini siku ile swali lile lilimfuata mpaka nyumbani. Mwanamke mzima, miaka nenda miaka rudi anawatembeza watoto wa watu duniani, mwenyewe hajavuka hata mpaka wa nchi yake.

Basi, akafunga safari. Mkuu wa shule alimwambia dunia haikimbii, amalize kwanza muhula. Kaka yake alimuuliza kama ana homa. Mama peke yake ndiye aliyemwelewa, au alijifanya kumwelewa, akamshika mikono yote miwili, akamwambia: "Nenda ukaone, mwanangu. Halafu unisimulie." Laiti angesema tu nenda urudi, ingekuwa nafuu. Hilo la kusimulia ndilo lililokuja kumtoa jasho.

Maana ng'ambo alifika, ila cha kusimulia hakukiona. Ualimu wake huko haukutakiwa na mtu; shule zilitaka mitihani mingine, vyeti vingine, na ulimi usio na lafudhi. Akabisha hodi huku, akabisha hodi kule, mwisho akapokewa na kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Kiwanda chenyewe kiko chini ya ardhi, hakina dirisha hata la kuchungulia. Mashuka huletwa kwenye magunia na kila uchafu unaoweza kumtoka binadamu mgonjwa. Yanafuliwa, yanapita kwenye mashine ya pasi, kisha yanamwagwa kwenye meza za kukunjia yakiwa ya moto wa kuunguza vidole. Kila meza ina watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, kwa sababu shuka la hospitali ni pana na halikunjwi na mtu mmoja. Ndivyo ilivyokuwa tangu kiwanda kijengwe, na hakuna aliyewahi kuhoji.

Siku ya kwanza shuka lilimuunguza Mwalimu akaropoka, "Mama yangu we!" Sauti ikajibu kutoka upande wa pili wa meza: "Pole, lakini usiliachie, utaniangushia." Kwa Kiswahili! Mwalimu nusura aliachie kweli.

Huyo ndiye Msusi. Alitoka nchi nyingine, jirani na kwao Mwalimu, na kwao alikuwa na saluni yenye wateja wa kungoja mpaka barazani. Vidole vyepesi, mdomo mwepesi zaidi. Katika jengo lote lile, penye watu wa kila rangi na kila ulimi, ni wao wawili tu waliokuwa na lugha hiyo. Wakaungana kama waliokuwa wametafutana. Baada ya muda mfupi wakahamia chumba kimoja, vitanda viwili na kabati moja lisilofunga, na kazini mnyapara akawaacha meza moja kwa sababu walikuwa wanaenda kasi kuliko wote.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta, kukutanisha pembe, kurudi nyuma, kuvuta tena, mpaka kigari cha meza yenu kijae mashuka. Ukikunja na mtu kila siku unamjua bila kumuuliza. Mwalimu alijua Msusi amelala vibaya kwa jinsi alivyoshika pindo. Msusi alijua Mwalimu amezungumza na mama yake kwa jinsi alivyovuta kwa hasira. Na mashuka mengine yalikuwa na madoa sugu yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Yakipita hayo, Msusi alikuwa anauliza, "Haya Mwalimu, leo tuko bara gani?" Mwalimu analitazama doa, anasema hiki ni kisiwa, hapa pana volkano, hapa watu wanafuga kondoo. Msusi anacheka mpaka mnyapara anageuka. Ukiuliza Mwalimu alifundisha wapi jiografia iliyomfurahisha maishani, ni hapo.

Wakati mmoja, siku ya mapumziko, walisema potelea mbali, leo tunakwenda kuiona nchi ya watu. Wakapanda basi la kwanza lililopita, wakaapa hawashuki mpaka mwisho wa njia. Wakapita maghorofa, wakapita maghala, wakapita uwanja mtupu, na Mwalimu amebandika uso kwenye kioo kama mtoto. Mwisho wa njia ulikuwa yadi ya kuoshea mabasi. Uzio wa waya, sakafu ya saruji, mwanamume mmoja na mpira wa maji. Dereva akawageukia, akawauliza wanakwenda kwa nani. Ala! Wakatazamana. Msusi ndiye aliyeanza, na walicheka mpaka wakashikana wasianguke, wakakaa kwenye ukingo wa saruji wakala mkate wao wakitazama mabasi yakioshwa.

"Hii nayo ni safari," Msusi alisema huku akijifuta machozi. "Tutawaambia tulifika mwisho wa dunia, tukakuta wanaosha magari."

Mama alipopiga simu na kuuliza, umeona nini mwanangu, Mwalimu alimwambia juzi tulikwenda mbali sana, mpaka mwisho. Mama akasema alhamdulillahi, umefika. Mwalimu akakata simu, akalia. Alijua fika kwamba ile safari aliyoitafuta haipo. Aliyebaki naye ni mtu mmoja wa kushika upande wa pili.

Sasa, huyo mtu mmoja akaanza kuumwa. Ilikuwa uvimbe tumboni, ndani kabisa kwenye kizazi, na alikuja nao kutoka kwao ambako aliambiwa asubiri daktari bingwa, akasubiri mpaka akachoka. Huku walimpima, wakampangia tarehe ya kupasuliwa. Lakini huku pia palikuwa na sheria yake: matibabu yanafuata kibali cha kuishi, na kibali kinafuata kazi. Kazi ikikatika, vyote vinakatika siku hiyohiyo. Na kiwanda hakikumweka mtu mgonjwa. Aliyekuwa meza ya mwisho alisema tu mgongo unamuuma. Wiki iliyofuata meza yake ilikuwa na mtu mwingine.

"Mpaka nipasuliwe wananitaka kliniki siku chache, kutwa nzima," Msusi alimwambia, ameketi kitandani na mkono juu ya tumbo. "Nisipoonekana kazini watauliza. Wakiuliza, nimekwisha."

"Nani ataona?" Mwalimu akasema. "Mnyapara anahesabu vigari, hahesabu watu. Kigari chetu kikijaa, ana habari gani na wewe?"

"Kitajaaje na mimi sipo?"

"Niachie mimi."

Hayo maneno mawili, niachie mimi, Mwalimu angetoa roho yake leo ayarudishe mdomoni.

Asubuhi waliingia pamoja, kila mtu akawaona. Kisha Msusi akateleza kwa mlango wa magunia, na Mwalimu akabaki na mlima wa mashuka. Mwanzoni alihangaika kama kuku aliyekatwa kichwa. Akishika pindo hili, lile linaburura chini. Akilaza mezani, katikati panajikunja. Jasho likamtiririka, kigari hakijafika hata nusu. Ndipo akaona vile vibanio vikubwa vya kufungia magunia. Akavibana viwili kwenye upau wa chuma ulio juu ya meza, kila kimoja kikashika pembe moja ya shuka, naye akarudi nyuma na pembe mbili zilizobaki, akavuta, akasogea, akakutanisha. Likakunjika! Akajaribu tena, akabadilisha umbali wa vibanio, akagundua ukianza kwa mkono wa kushoto huhitaji kuzunguka meza. Mpaka saa ya kutoka, kigari kilikuwa kimejaa.

Jioni alimwambia Msusi kazi imekwenda, asiwe na wasiwasi. Hakumweleza ni vipi. Alitaka siku moja amwonyeshe kwa madaha, akishapona. Na tuseme ukweli, alikuwa anaona raha. Toka atoke kwao hakuwahi kubuni chochote wala kumaliza siku akijisifu. Siku iliyofuata aliigeuza njia yake ikawa nyepesi zaidi, na ile ya baada yake alikuwa anakunja huku anaimba.

Ndipo mnyapara akaja akasimama nyuma yake.

Alikuwa mtu wa makamo, mnene, mwenye macho ya usingizi, si mbaya. Tena hilo ndilo linaloudhi, hata wa kumlaani huyu mtu hatuna. Aliuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

Mwalimu akageuka na shuka mkononi. "Chooni," akasema. Kisha, kwa hofu ya swali la pili, akafungua mdomo kumziba macho kwa maneno, na mdomo wa mwalimu ukifunguka unafanya kazi unayoijua. "Hebu tazama hapa," akasema. "Unaona vibanio hivi? Unaanza na pembe ya kushoto. Kwa nini kushoto? Kwa sababu ukianza kulia utalazimika kuzunguka." Akamwonyesha hatua moja baada ya nyingine, taratibu, kwa lugha ile ya watu aliyoipata kwa taabu, na siku hiyo ikamtoka imenyooka kama amezaliwa nayo. Mnyapara akasahau choo. Akasogea. "Sasa jaribu wewe," Mwalimu akamwambia. Jamani! Mnyapara akavua koti, akajaribu, akakosea. "Hapana, tazama mkono wangu. Rudia." Akarudia, akapata. Shuka limekaa mraba, pindo juu ya pindo. "Vizuri sana!" Mwalimu akasema, uso umemng'aa, na alikuwa anamaanisha.

Mnyapara alilitazama lile shuka muda mrefu. Akatazama meza zote za chumba kile, moja baada ya nyingine, na watu waliosimama huku na huku. Akavaa koti lake akaondoka. Mwalimu akashusha pumzi, akajiona mjanja: amemzuga, choo kimesahaulika. Wewe unayesoma umeshaelewa. Yeye hakuelewa mpaka wiki iliyofuata walipokusanywa.

Mnyapara alisimama kwenye kigari kilichopinduliwa, na pembeni yake mkubwa wa kiwanda aliyetoka ofisi za juu. Akasema kuanzia sasa kila meza itakuwa na mtu mmoja. Njia imepatikana, imejaribiwa humuhumu, siku kadhaa meza moja ilikuwa na mtu mmoja tu na kigari chake kilijaa kuliko vyote. Akamnyooshea Mwalimu mkono kwa heshima. Kumbe alijua. Alijua Msusi hayupo na hakujali, kwa sababu kazi ilikuwa imekwenda bila yeye. Kutoka kila meza atabaki mmoja, na majina ya wanaobaki yatatajwa. La Msusi halikutajwa.

Msusi alikuwa amesimama palepale kando ya Mwalimu. Hakuelewa yote, lugha ile ilikuwa bado inamchenga. "Wanasemaje?" akanong'ona. Na ilibidi Mwalimu amtafsirie. Alimtafsiria neno kwa neno, hakuwa na jinsi, huku watu wa meza nyingine wanamtazama kwa macho ya kumla nyama.

Akamfuata mnyapara mbio ngazini. Alimwomba yeye Mwalimu aondoke, Msusi abaki. Mnyapara akashangaa. "Wewe ndiye utakayewafundisha wengine," akasema. "Si ulisema ulikuwa mwalimu?" Alidhani anamfurahisha. Mwalimu akamwambia ukweli wote: tumbo, uvimbe, tarehe ya upasuaji. Mnyapara akakuna shingo, akasema pole sana, kwa kweli pole, lakini mgonjwa ndiyo kabisa, hilo asingeweza hata kulipeleka juu. Kwa hiyo Mwalimu akawa ameufunga na mlango mdogo uliokuwa umebaki.

Lilibaki jambo moja, na alilishika kwa kucha. Mkubwa wa kiwanda alitaka kuiona njia hiyo kwa macho yake kabla ya kuweka sahihi. Mwalimu akasema moyoni, mimi ndiye ninayeijua, basi na ishindikane. Siku ya maonyesho alibana vibanio vibaya makusudi. Shuka likateleza, likaburura. Akajaribu tena, likajikunja katikati. Alikawia, alihema, aliangusha pindo chini, akamgeukia mkubwa na kumwambia, "Unaona mwenyewe, bwana. Haiwezekani. Ile siku nilibahatisha tu, shuka linataka watu wawili." Mkubwa akaanza kutikisa kichwa. Kwa kitambo kidogo Mwalimu aliona inawezekana.

"Samahani," mnyapara akasema. "Ana wasiwasi, ni kwa ajili yako." Akavua koti. Akasogeza vibanio vikae umbali wake. Akaanza na pembe ya kushoto, akarudi nyuma, akavuta, akakutanisha, akalilaza shuka mezani, pindo juu ya pindo. Hakukosea hata mahali pamoja. Hata lile la kueleza kwa nini kushoto alilieleza, kwa maneno ya Mwalimu mwenyewe. Miaka yote ya chaki na rula, Mwalimu hakuwahi kupata mwanafunzi aliyemshika namna ile.

Chumbani kwao Kiswahili kilikufa. Msusi alirudi kutoka kliniki, akasema wameiondoa tarehe, akavua viatu, akalala akitazama ukuta. Asubuhi akaamka, akafua nguo zake, akazianika. Mwalimu alipika, akala peke yake. Alipanga maneno ya kuomba radhi, akayapangua, maana kila alipoyatazama aliona yanamwombea yeye mwenyewe nafuu. Mama alipopiga simu hakupokea.

Siku ya kuondoka, mchana, Msusi alikuwa anapanga begi juu ya kitanda. Mwalimu hakuvumilia tena. "Nigombeze tu," akasema. "Nitukane. Nipige kama unataka."

Msusi akaketi. Alikuwa amekonda usoni, na tumbo peke yake ndilo lililonenepa.

"Nikutukane kwa lipi?" akasema. "Ulikuwa unanisaidia. Najua ulikuwa unanisaidia. Hilo ndilo linaloniua, Mwalimu. Sina hata mtu wa kumkasirikia."

"Utapasuliwa wapi?"

"Tumbo litasubiri. Limeshazoea." Akafunga begi, akalifungua tena. "Binamu yangu yuko nchi nyingine huko, anasafisha hoteli. Anasema watanichukua. Ila anasema huko kila mtu na vyumba vyake, hakuna wawili wawili. Unatandika peke yako, unakunja peke yako." Akavuta shuka lake kutoka kitandani, akamnyooshea. "Hebu nionyeshe hiyo njia yako."

"Dada, usinifanyie hivi."

"Sikufanyii kitu. Nahitaji kujua. Nionyeshe."

Vibanio havikuwepo, wakatumia vile vya kuanikia nguo, wakavibana kwenye ukingo wa mlango wa kabati. Mwalimu akamwonyesha. Sauti ilimkatika njiani lakini mikono ilimaliza: pembe ya kushoto, rudi nyuma, vuta, kutanisha. Halafu akalikunjua, akampisha.

Msusi akashika pembe zake. Aliponyoosha mikono, tumbo lilimchoma, akauma midomo. Mwalimu akaruka kushika upande wa pili. "Acha," Msusi akasema. "Huko hutakuwepo." Mwalimu akaacha, akasimama katikati ya chumba, mikono imening'inia haijui iende wapi. Msusi akarudi nyuma, akavuta, akakutanisha, akasogea, akakunja tena. Vidole vyake vilikuwa vyepesi tangu zamani. Shuka likawa dogo, mraba, safi, kwa mara ya kwanza tu, bila kuambiwa rudia.

Akalitia ndani ya begi, akavuta zipu.

"Kumbe ni rahisi hivi," akasema, na alipolisema hilo hakumtazama.